Jenereta Ndogo Isiyo na Makelele: Namna ya Kuichagua kwa Umeme Unaokatika Mara Mojamoja

Wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, watu wengi Dar es Salaam walinunua jenereta kwa hasira: duka la karibu, mashine kubwa kadiri mfuko ulivyoruhusu, na bodaboda ya kuipeleka nyumbani. Kisha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ikaanza kuingia kwenye gridi mmoja baada ya mwingine kuanzia Februari 2024, mgao ukapungua, na mashine zile leo ziko stoo, kabureta zimegandiwa na petroli ya zamani. Umeme bado unakatika, ila kwa sababu nyingine. Transfoma ya mtaa imelipuka, mti umeangukia nyaya, kuna matengenezo ya siku nzima, au gridi yote ya taifa imezimika kama ilivyotokea Jumatatu ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 2024.

Mwongozo huu ni wa mtu wa aina hiyo, anayehitaji jenereta saa chache kwa mwezi na anayeishi mahali ambapo dirisha la jirani liko hatua chache kutoka kwake. Gharama, kelele na mafuta mengi mara nyingi huanzia sehemu moja: kununua mashine kubwa kuliko mzigo.

Hatua ya 1: Hakikisha ni jenereta unayoihitaji

Kama unachotaka ni taa, runinga, ruta, feni na kuchaji simu, usinunue jenereta. Nunua betri na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa soketi. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah (ampea-saa) 100 inabeba wati-saa 1,200, na kwa kuwa betri ya aina hiyo haipendi kushushwa chini ya nusu, hesabu 600 za kutumia. Runinga ya wati 50, ruta 12, taa tano za LED na feni moja ni kama wati 170. Ukitoa kinachopotea ndani ya inveta, unabaki na saa tatu hivi za ukimya kamili. Betri ya lithiamu ya ukubwa huohuo hukaribia kukupa mara mbili. Inajichaji yenyewe umeme ukirudi, haina moshi, na unaiweka sebuleni.

Jenereta inaanza kuwa na maana pale panapoingia friji ya biashara, dipu friza, mashine za saluni, au kukatika kwa kutwa nzima. Friji ya nyumbani peke yake isikutishe: ikiwa haifunguliwi hukaa na ubaridi kwa saa kama nne, na friza iliyojaa huweza kushikilia hadi saa 48. Kwa joto la Dar na watoto wanaotaka maji baridi punguza makadirio hayo, lakini hoja inabaki. Friji haihitaji jenereta iungurume mfululizo, saa moja kila baada ya saa tatu au nne inatosha.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya wati, kwa kalamu

Nenda nyuma ya kila kifaa usome kibandiko chake. Penye wati, andika. Penye ampea tu, zidisha kwa 230. Friji iliyoandikwa 0.9 A ni kama wati 207.

Chukua nyumba ya kawaida. Runinga 60, king'amuzi 15, ruta 12, taa sita za wati 9 ni 54, feni mbili 120, kompyuta mpakato 65, simu kadhaa 20. Jumla 346. Ongeza friji ya wati 150 unapata kama 500. Watu wengi hushangaa hapa, maana walikuwa tayari kulipia kilowati 5.

Sasa pigia hesabu kitu cha pili, mstuko wa kuwaka. Chochote chenye mota ya kusukuma, yaani friji, friza, pampu au kiyoyozi, huvuta mara tatu hadi sita ya wati zake kwa sekunde moja au mbili za kuanza. Friji ile ya 150 inaweza kudai 900 kwa kufumba na kufumbua, juu ya 346 zilizokuwa zikitumika. Unafika 1,246. Kwa hiyo nyumba hii inatulia kwenye jenereta inayotoa wati 1,600 hadi 2,000 mfululizo, wala haihitaji zaidi. Friji mpya zenye kompresa ya inveta huanza polepole na mstuko wake ni mdogo mno. Ukiwa nayo, hata wati 1,000 zinaweza kukutosha.

Pampu ndiyo inayowapeleka watu kwenye mashine kubwa. Pampu ya nusu farasi huvuta wati 550 hadi 600 ikishakimbia, na inaweza kudai 1,800 au zaidi inapoanza. Ya farasi moja ni balaa. Usinunue jenereta kwa ajili ya pampu. Jaza simtanki umeme ukiwepo, na ikibidi sana, zima vyote vingine kisha washa pampu ya nusu farasi peke yake.

Vitu vya joto viache nje ya hesabu kabisa. Birika la umeme ni wati 2,000, pasi 1,000 na ushee, hita ya kuogea 3,000 na kuendelea. Jiko la gesi lipo, na nguo zipigwe pasi siku nyingine.

Walioko nyanda za juu wana hesabu ya ziada. Injini ya petroli hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Mbeya, kwenye mita kama 1,700, jenereta ya wati 2,000 inakuwa ya 1,600.

Hatua ya 3: Soma kibandiko cha jenereta kwa jicho la shaka

Namba kubwa iliyochorwa ubavuni ni ya biashara. Unayoitafuta iko kwenye bamba dogo karibu na soketi, na kwa kawaida zipo mbili: nguvu ya juu, ambayo mashine huimudu kwa muda mfupi tu, na nguvu ya kuendelea. Nunua kwa ile ya kuendelea. Zile jenereta ndogo sana zenye namba 950 ubavuni, zilizojaa kila duka la vifaa, mara nyingi hutoa wati 650 za kuendelea.

Ukiona kVA badala ya kW, zidisha kwa 0.8 ili uwe upande salama: kVA 2.5 ni kilowati 2.

Kisha angalia volti na Hz. Hapa kwetu ni volti 230 na Hz 50. Hili ni muhimu zaidi kwa jenereta zilizotumika, ambazo zinaingia kutoka nje pamoja na vyombo vingine vya mtumba. Iliyotengenezwa kwa soko la Japani hutoa volti 100, na ya Marekani volti 120 kwa Hz 60. Zinaonekana nzuri, zimetulia kwa sauti, bei ni ya kuvutia, na friji yako haitafanya kazi. Muuzaji atakuambia "utaweka transfoma tu." Gharama na uzito wa transfoma hiyo viingize kwenye bei kabla hujakubali.

Hatua ya 4: Elewa kelele kabla ya kulipia ukimya

Neno "silent" limebandikwa kwenye mashine nyingi zinazosikika mtaa wa pili. Linganisha kwa desibeli, na uulize zimepimwa umbali gani. Kipimo kinachotumiwa sana ni mita 7. Mashine nyingi za Kichina, hasa zile zilizoundwa ziweze kuuzwa Ulaya, zina kibandiko cha LwA chenye namba kama 95 au 97. Hiyo ni nguvu ya sauti kwenye chanzo chenyewe. Toa 25 upate makadirio ya mita 7 mahali pa wazi. LwA 96, basi, ni kama desibeli 71. Kuna wauzaji wanaoweka LwA ya mashine ya jirani kando ya desibeli za mita 7 za mashine yao ili yao ionekane muujiza. Hesabu hiyo ya 25 inamaliza ubishi.

Desibeli hazipandi kama shilingi. Kuongezeka kwa 10 ni sikio kusikia kelele karibu maradufu. Jenereta ya desibeli 71 na ya 58 kwenye mita 7 ni vitu viwili tofauti usiku: ya kwanza inakulazimisha upaze sauti ukiwa barazani, ya pili inafanana na watu wanaozungumza.

Tofauti hiyo inatoka wapi? Jenereta ya kawaida inalazimika kuzungusha injini mizunguko 3,000 kwa dakika muda wote ili ipate Hz 50, hata kama umechomeka simu moja. Jenereta ya inveta hutengeneza umeme wake kwa elektroniki, kwa hiyo injini inaruhusiwa kushuka mwendo mzigo ukiwa mdogo. Washa swichi ya eko usikie mngurumo ukishuka wenyewe. Ongeza ganda la plastiki lililofunika injini pande zote na ekzosi yenye vyumba, na umepata kile watu wanachokiita kimya. Kipimo cha darasa la juu ni mashine kama Honda EU22i na Yamaha EF2000iS. Hizi mbili, zikiwa na mzigo mdogo, hucheza karibu na desibeli 50 hadi 55 kwa mita 7. Mbele ya mzigo kamili hata hizo hupiga kelele, na ndiyo maana hesabu ya hatua ya 2 inakuja kabla ya hii.

Umbali ni dawa ya bure. Kila ukizidisha umbali mara mbili mahali pa wazi, unapunguza desibeli 6. Kuihamisha jenereta kutoka mita 7 hadi 14 kunakupa nafuu ambayo dukani ungeilipia fedha nzuri. Kwenye nyumba zilizobanana, elekeza ekzosi mbali na madirisha, yako na ya jirani, na usiiweke kwenye kona ya kuta mbili, kwa sababu kuta huirudisha sauti. Banda la mabati ni baya zaidi, linarudisha sauti na lenyewe linatetemeka. Kipande cha tairi la zamani chini ya miguu ya jenereta kinaondoa mtetemo unaopita sakafuni. Malalamiko ya kelele yanaweza kufika serikali ya mtaa au NEMC, baraza la taifa la mazingira, lakini mara nyingi jirani ukimwambia mapema kwamba utazima saa nne usiku, mambo yanakwisha hapo.

Hatua ya 5: Chagua aina

Ya bei ya chini kabisa ni ile ndogo ya petroli iliyochanganywa na oili ya 2T. Inabebeka kwa mkono mmoja na fundi yeyote anaijua. Inapiga kelele kali kuliko ukubwa wake, inatoa moshi, na umeme wake haujatulia vya kutosha kwa vifaa laini. Inafaa taa za genge na chaji za simu. Kwa nyumba yenye friji nisingeichukua.

Ya kati ni jenereta ya kawaida ya fremu wazi, kilowati 2 hadi 2.5, yenye injini ya mtindo wa Honda GX160 ambao umekopiwa dunia nzima. Ubora wake mkubwa ni spea. Kabureta, plagi, kamba na koili utazipata Kariakoo, Mwanza, hata mji mdogo wa wilaya. Hakikisha ina kirekebisha volti, kile wauzaji wanachokiita AVR.

Ya tatu ni ya inveta, kilowati 1 hadi 2. Za Kichina bei yake huwa juu sana ya ile ya kawaida ya ukubwa uleule, na Honda au Yamaha ya asili iko mbali zaidi. Umeme wake ni safi, kompyuta na runinga zinaupenda. Udhaifu wake ni bodi ya elektroniki: ikiungua, fundi wa mtaani hana la kufanya zaidi ya kuagiza nyingine.

Wauzaji watakuambia inveta inajilipa kwa mafuta. Tufanye hesabu. Kwa mzigo wa wati 500, inveta ya kilowati 2 hunywa kama lita 0.45 kwa saa, ya kawaida kama 0.8. Ukiweka petroli kwa shilingi 3,000 ili hesabu iwe rahisi (bei kikomo halisi hutangazwa na EWURA kila mwezi), unaokoa kama shilingi 1,050 kwa saa. Mtu anayewasha saa tano kwa mwezi anaokoa elfu tano na kidogo. Haijilipi leo wala mwakani. Unacholipia ni ukimya na umeme safi, basi. Kama una uwanja mkubwa na jirani yuko mbali, chukua ya kawaida na uiweke mwisho wa uwanja. Kama unaishi Sinza au Tabata ukuta kwa ukuta, au una mgonjwa au mtoto mchanga ndani, chukua ya inveta, na ni heri ya kilowati 1.6 yenye ganda zuri kuliko ya 3 ya fremu wazi.

Hatua ya 6: Dukani

Kariakoo, mitaa ya Gerezani na jirani zake, utapata karibu kila kitu, pamoja na mawinga watakaokupokea kabla hujauliza. Wasikilize kwa adabu, kisha ingia dukani mwenyewe. Jihadhari na majina yanayofanana na ya kampuni maarufu kwa kubadilisha herufi moja. Uliza kama waya wa ndani ni kopa au alminiamu. Jibu litakuwa kopa siku zote, hivyo inyanyue, kisha inyanyue nyingine ya nguvu hiyohiyo. Kopa ni nzito, na mashine iliyo nyepesi kupita wenzake ina jambo la kueleza.

Idai iwashwe mbele yako, na hakikisha imetiwa oili kwanza, kwa kuwa jenereta mpya nyingi husafirishwa bila tone. Nenda na pasi ya wati 1,000 na kile kipima volti kidogo cha kuchomeka kwenye soketi. Bila mzigo, ya kawaida isome kama 230. Chomeka pasi: injini itashtuka, ivute pumzi, kisha itulie. Volti ikianguka chini ya 210 au taa ikawa inapepesa bila kukoma, iache. Kuhusu kelele, Kariakoo hutasikia lolote la maana katikati ya mikokoteni na spika za matangazo. Programu ya desibeli kwenye simu si kipimo cha maabara, lakini inatosha kulinganisha mashine mbili zilizowekwa mahali pamoja, umbali mmoja.

Chukua risiti ya EFD yenye jina la mashine na namba yake. Waranti ya mdomo haina uzito siku ya matatizo.

Hatua ya 7: Mahali pa kuiweka na namna ya kuiunganisha

Hapa hakuna mjadala. Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu waliolala. Usiwashe ndani, kwenye korido, gereji, baraza lililofungwa wala jikoni "dirisha likiwa wazi". Iwe nje, angalau mita 6 kutoka kwenye mlango au dirisha. Ninajua kinachowafanya watu waiingize ndani: wizi, na mvua. Kwa wizi, mnyororo mnene na kufuli kwenye nguzo. Kwa mvua, paa dogo juu, pande zote wazi. Anayeumwa kichwa ghafla au kusikia kizunguzungu jenereta ikiwa inawaka atoke nje mara moja, na wengine wote pamoja naye.

Kwa matumizi ya mara mojamoja, ekstensheni nzuri inatosha: waya wa milimita za mraba 2.5, wa kukaa nje, uliokunjuliwa wote. Ukiachwa umeviringwa kwenye gurudumu lake huku unabeba mzigo, unapata moto na kuyeyuka.

Usichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi pande mbili. Umeme huo utarudi kwenye mita, utatoka hadi transfoma ya mtaa, na transfoma itaupandisha hadi volti 11,000 au 33,000 kwenye nyaya ambazo fundi wa TANESCO ameshazishika akiamini zimekufa. Nao umeme wa TANESCO ukirudi ghafla, jenereta yako inaungua. Ukitaka kulisha nyumba nzima, mwite fundi umeme mwenye leseni akufungie chenjiova, swichi inayoitenga nyumba na TANESCO jenereta inapowaka.

Hatua ya 8: Itunze wakati haitumiki

Jenereta ya mara mojamoja haifi kwa kazi, inakufa kwa kukaa. Petroli ikikaa kwenye kabureta mwezi na zaidi huacha utando unaoziba tundu dogo kuliko sindano. Kila unapomaliza, funga bomba la mafuta na uiache injini iwake hadi ijizime yenyewe. Mara moja kwa mwezi iwashe dakika 15 ikiwa na mzigo, angalau feni na taa kadhaa, si tupu.

Oili ya kwanza ibadilishe baada ya saa 20 hivi, kwa kuwa inatoka na vipande vidogo vya chuma vya injini mpya. Baada ya hapo kila saa 50 hadi 100, au mara moja kwa mwaka kwa mtumiaji mdogo. Ile ndogo ya 2T haina oili ya kubadilisha, unachanganya kwenye petroli: kwa uwiano wa 50 kwa 1, mililita 20 kwa lita. Usikadirie kwa kifuniko cha chupa.

Petroli ya akiba iwe kidogo, lita tano tu, kwenye chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya mafuta, nje ya nyumba, mbali na jiko. Vituo vingi hukataa kujaza kwenye dumu la plastiki la mafuta ya kula, na wana sababu. Ikipita miezi miwili hujaitumia, itie kwenye gari au pikipiki ikiwa tangi lina mafuta mengine, kisha ununue mpya. Kujaza tangi la jenereta ni mpaka izimwe na ipoe kama dakika kumi na tano, hata kama mechi iko dakika ya themanini.